Samaki Wakigeuka

Rehema mjukuu wangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Mbweni sie wazima, ila bibi yako anasumbuliwa na magoti.

Umeuliza mbona ile video ya samaki uliyoirekodi ukizamia sikuimaliza. Ujanani nilikuwa nazamia pweza, kundi la samaki vibua likanizunguka mpaka nikawa silioni jua. Nikabaki nashangaa uzuri. Ghafla wakageuka wote kwa pamoja, wakatoweka. Mwenzangu akanivuta juu kwa nguvu, na hatujafika mbali, baruti iliyotupwa na wavuvi ikalipuka. Sikio la kushoto likafa siku ile.

Samaki wako nao waligeuka vile vile, nawe ukaendelea kurekodi. Najua ulitoka salama, maana ndiwe uliyenitumia video hiyo. Lakini walipogeuka tu, nikazima simu.

Wakigeuka tena, mama, achana na kamera, wafuate. Sikio lililobaki nalitunzia sauti yako.

Babu yako