Kibali cha Sola na Jina la Baba

Chang'ombe, Dodoma
Jumapili mchana

Kwako Baba Yusta,

Nakusalimu sana mume wangu, wewe na watoto na wote waliomo kwenye kaya. Mimi nipo, naamka na kulala, miguu tu ndiyo inayolalamika. Hapa kwenye genge la mdogo wangu Tabitha wateja wa mchana ni wachache, ndiyo nimepata nafasi ya kushika kalamu. Nakuandikia kwa sababu simu yako naipiga tangu Alhamisi na yule mwanamke wa kwenye simu ananijibu hupatikani. Najua chaji imekwisha na hakuna aliyekwenda senta kuchajisha. Basi barua hii nitampa dereva wa basi la asubuhi, aiache pale dukani kwa mwenyekiti.

Yusta kifua kinaendeleaje? Asitoke kuchota maji alfajiri bila sweta, upepo wa huko naujua. Petro je, analala kwako au kwa bibi yake? Nilimwota amekaa mlangoni hana viatu. Labda ni uchovu wangu tu, lakini niambie. Na ule uwele uliobaki kwenye kihenge, uufunike vizuri, msile wote kwa sababu mimi sipo wa kuwagombeza.

Sasa nikueleze habari za huku, maana najua mnasema Mama Yusta ameona mji amesahau kurudi. Niliaga kwa wiki moja. Leo ni wiki ya saba. Asubuhi nafagia kwa Tabitha, nampangia nyanya na vitunguu, halafu nakwenda ofisini na faili letu kwapani. Jioni narudi nalo. Hata mlinzi wa getini ameshanizoea, ananiambia, "Mama Sola, leo tena?" Nami namjibu, "Leo tena mwanangu, kwani wewe umepata kibali chako?" Tunacheka, halafu nakwenda kukaa kwenye benchi na hamu ya kucheka inaniisha.

Unajua mwenyewe wale wafadhili walivyosema. Sola zipo, betri zipo, na mashine ya kusaga inayotumia umeme wa jua ipo, vyote vimefungwa stoo hapahapa mjini. Ila hawapakii kitu kwenye gari mpaka serikali itoe kibali. Na mvua zikianza kunyesha kibali hakijatoka, wanapeleka kijiji kingine, kwa sababu barabara yetu ikishalowa haipitiki. Kila nikiona wingu hapa moyo unanienda mbio, mimi ambaye maisha yangu yote nimeomba mvua.

Sisemi wananionea, hapana. Kila mtu ananiambia kwa upole kwamba kuna karatasi nyingine. Wa kwanza alisema fomu yetu ni ya zamani. Wa pili alitaka barua ya wilaya. Halafu nikapelekwa kwa wale wa mazingira, bwana mmoja akaniuliza, "Mama, betri zikifa mtazitupa wapi?" Baba Yusta, mimi hata hiyo betri yenyewe sijawahi kuiona, naulizwa habari za kifo chake! Nikamwambia tutawarudishia wafadhili. Akasema, "Jibu zuri sana," akaandika. Siku ile nilirudi nikitembea kama mtu aliyefaulu mtihani.

Lakini ninalotaka kukuambia ni la Alhamisi. Limenikaa mpaka leo.

Alhamisi nilifika dirisha la mwisho. Binti wa pale ni mdogo, umri kama wa wifi yangu wa mwisho, si mtu wa huku kwetu, lakini ana adabu. Akafungua faili, akageuza karatasi mojamoja, mimi namwomba Mungu kimyakimya. Akafika kwenye muhtasari wa mkutano wa kijiji, ule tulioandika siku ile Baba, mzazi wako, alipotoa eneo la juu ya korongo ili sola zisimamishwe pale. Akasimama hapo.

Akaniuliza, "Mama, hapa mwenye eneo ameandikwa Babu Yusta. Kwenye fotokopi ya kitambulisho kuna jina lingine kabisa. Hawa ni watu wawili?"

Nikamwambia, "Ni mmoja, mwanangu."

"Sasa Babu Yusta ndiyo jina gani?"

"Ni babu yake Yusta."

"Yusta ni nani?"

"Ni binti yangu wa kwanza."

Watu wa nyuma yangu wakaanza kucheka. Nami nikaona kosa letu pale pale, likasimama mbele yangu kama ukuta. Mtendaji wa kijiji alikuwa amehama, mwingine hajaja, tukaandika muhtasari wenyewe wanawake wa kikundi. Na kwenye kikundi chetu nani si mkwe wa kaya ile? Mama Amosi ndiye aliyeshika kalamu, lakini mimi ndiye niliyemwambia, andika Babu Yusta, kila mtu anamjua. Mwenyekiti akagonga muhuri, watu wakaweka dole gumba, hakuna aliyeshtuka. Usimgombeze Mama Amosi.

Yule binti akasema, "Sawa, tusipate tabu. Nitajie jina lake kamili nilinganishe na kitambulisho."

Nikajifanya napanga karatasi.

"Mama, humjui mwenye shamba?"

"Namjua. Ndiye aliyemzaa mume wangu."

"Basi anaitwa nani?"

Miaka kumi na sita niko kwenu, Baba Yusta, na jina la mkwe sijawahi kulitia mdomoni. Wewe ni shahidi, hata kanisani mchungaji akisoma habari za gharika mimi huinamisha kichwa asije akanitaka nirudie. Nikajaribu kuzunguka. Nikamwambia, "Mwanangu, si unasoma Biblia? Ni jina la yule aliyejenga safina." Watu wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Yule binti naye akatabasamu, akasema, "Na la pili, mama? La pili nalo liko kwenye Biblia?" La pili ni la babu yako, nalo halina pa kuzungukia.

Mzee mmoja wa huku kwetu, aliyejifunga shuka la mgolole begani, akanitetea kutoka nyuma: "Wee binti, huyo ni mkwewe. Hawezi kumtaja."

Binti akamjibu, "Babu, na mimi nina mkwe, namtaja kila siku, hata kwenye simu nimemwandika."

Mzee akasema, "Basi ndiyo maana hajakuletea kuku wa heshima."

Mwanamke mwingine akaniambia, "Taja tu mama, mkwe wako yuko kijijini, atasikia na nini?" Nami nikajiuliza: Kwani tunamheshimu kwa sababu anasikia?

Nikamwomba yule binti alisome yeye kwenye kitambulisho, mimi niitikie ndiyo. Akasema haruhusiwi kunitilia maneno mdomoni. Halafu akainama karibu na kioo, akaongea polepole ili wengine wasisikie: "Mama, nisikilize. Wewe ndiye mwakilishi wa kikundi. Ukinieleza mwenyewe leo, naandika maelezo yako, unaweka saini, faili linaingia kwenye kikao cha kamati. Muhtasari uliorekebishwa utaufuatisha. Usiponieleza, nalirudisha wilayani, na huko mtaanza upya kama ndiyo kwanza mnaomba. Mimi ningependa liingie."

Nikatoka nje kukupigia, uniambie wewe nifanye nini. Hupatikani. Nikapiga kwa Mama Amosi, naye hapatikani. Nikasimama pale uani na simu mkononi, nikafikiri, kijiji kizima hakina moto wa kuchajia simu, na mimi niko hapa naomba huo moto, na kwa kukosa huo moto sina wa kumuuliza. Nikamkumbuka Mama Amosi alivyojifungua zahanati wakimmulikia tochi ya simu, na simu ikazima kabla mtoto hajalia. Nikafikiri miguu ya Yusta kwenda kusaga na kurudi, debe kichwani, na kifua chake kile.

Nikarudi dirishani. Nikalitaja. Majina yote mawili, la ubatizo na la babu yako.

Lilitoka dogo, Baba Yusta. Kama jina la mtu yeyote. Binti akaandika, akanigeuzia karatasi nisaini, akasema, "Ahsante mama. Umeona? Si kazi." Yule mzee wa mgolole alikuwa ameangalia pembeni kwa heshima, na hiyo ndiyo iliyoniliza. Nilikwenda nikakaa kwenye ngazi za nje mpaka mlinzi akaniletea maji, na siku hiyo hakuniita Mama Sola.

Niliporudi nikamsimulia Tabitha. Unamjua mdogo wangu. Akasema, "Dada, kwa hilo tu? Mimi ningelitaja mpaka wanifukuze." Na akalitaja kwa sauti, huku anampimia mtu vitunguu. Nikaziba masikio. Yeye hajaolewa kwenye kaya ile, kwake ni jina tu.

Sasa faili limeingia, sisemi kibali kimetoka. Kamati itakaa, na yule binti amenisisitiza muhtasari mpya ufike kabla: jina la mwenye eneo liandikwe lote kama lilivyo kwenye kitambulisho, na Baba mwenyewe aweke dole gumba mbele ya mkutano. Muhtasari huo usipofika, maelezo yangu peke yake hayatoshi, na nitakuwa nimelitaja bure.

Hapo ndipo ninapoogopa. Eneo lile ndugu zako walishakataa lisitolewe. Baba alilitoa kwa sababu tulikwenda sisi wake wote wa kaya, tukapiga magoti nje ya ua, tukaomba bila kuinua macho. Si ulimsikia? Alisema, "Hawa wananiheshimu, wapeni." Sasa mkutano ukiitwa tena watu watauliza kwa nini, na habari itamfikia kwamba mkwe wake alisimama mjini akalitaja jina lake mbele ya wageni wakicheka. Akiifuta ile ruhusa nani atamlaumu? Mimi simlaumu.

Kwa hiyo nakuomba, uende wewe kwanza, kabla ya mwenyekiti na kabla ya yeyote. Usimtume mtoto. Mkamate yule jogoo wangu mweupe, umpelekee, ukae chini, umwambie yote kama nilivyoandika hapa, usinipunguzie. Usiseme nililazimishwa. Yule binti alinipa njia mbili na mimi nikachagua moja. Mwambie nililitaja mara moja tu, kwa sauti ya chini, na kwamba nikirudi nitakwenda mwenyewe kupiga magoti, aniamulie atakavyo.

Akikubali, itisheni mkutano wiki hiihii. Safari hii aandike mwanamume wa kaya, au mwalimu wa shule, asiye na mkwe pale. Muutume kwa dereva huyuhuyu. Akikataa, niambieni vilevile, nifunge kitambaa changu nirudi kulea watoto wangu, nimechoka na mabenchi.

Nisalimie Mama Amosi na mtoto, mwambie hana kosa. Msalimie bibi yake Petro, namshukuru kwa kunikalia na wanangu. Wanawake wa kikundi uwaambie nipo, sijawasahau, na wasihesabu mawingu. Yusta mwambie mama anamwona hata akiwa mbali, na sweta avae.

Na Baba, shikamoo yangu usimpe unapoingia. Mweleze kwanza nililofanya, umwache akae nalo hata siku nzima akitaka. Halafu ndipo useme, Mama Yusta anakuamkia. Akiitikia marahaba, tafuta simu yenye chaji popote ilipo unipe neno hilo kabla ya muhtasari wenyewe.

Ni mimi mkeo,
Mama Yusta