Msokoto uliofunguka

Kahama, Jumanne.

Na bado naogopa, ingawa mbele ya yule kijana daktari wa meno nilijifanya simba. Si angeling'oa tu jino hili bovu! Eti analiokoa jino, anasafisha mizizi kwa tupa nyembamba kama sindano, inayozungushwa na mashine.

Alipomaliza mzizi wa kwanza nikamwambia, "Mjukuu wangu, hebu nione unachonitia mdomoni."

Akacheka. "Bibi, usiogope. Ncha ni butu, inafuata njia tu. Kinachokata ni huu msokoto wa ubavuni."

Akanipa tupa aliyoiandaa kwa mzizi wa pili, nikaipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Mimi baba alinifundisha kusokota kamba za ng'ombe kabla sijaolewa. Katikati pale msokoto ulikuwa umefunguka.

"Hii imechoka. Umesoma kote huko, huoni?"

Akaitazama, akaitupa. "Ingekatikia ndani ya jino, bibi. Samahani." Akachukua nyingine.

Nilitoka pale kwa maringo. Sasa nawaza ule mzizi wa kwanza. Ile tupa nyingine aliyoitumia humo, nani aliikagua? Ilitoka nzima?

Sikumuuliza. Mdomo wangu huu usionyamaza, leo uliogopa jibu. Na ulimi haukomi kuligusa jino.