Sahani Haitembei Uchi

Wifi yangu mpenzi Mwanakheri,

Assalaam aleikum, wewe na wote mnaolala chini ya dari moja huko Nakuru. Kabla ya mengine niambie, u hali gani? Hiyo baridi imekuachia vidole vya miguu au bado wavaa soksi mbili? Mwanao Nuru hajambo? Na wale pacha, wangali wanakuvuta mtandio ukisali? Mimi namshukuru Mwenyezi Mungu. Nala, nalala, na sala zangu nazisali nikiwa nimekaa kitini kwa sababu ya goti, ambalo nitakueleza.

Utajiuliza kwa nini nimeandika barua na simu ninayo. Wifi, simu yako si yako peke yako. Kila nikipiga, Nuru huiweka spika mezani, na watoto hupiga kelele, "Bibi wa Mombasa! Bibi wa Mombasa!" Nafurahi, sikufichi. Lakini nikikuuliza kama umezoea huko, wewe wajibu, "Alhamdulillahi, tumezoea." Hiyo tumezoea yako naijua. Ndiyo uliyowajibu watu ulipotoka eda, walipokuuliza utakaaje peke yako tini. Uliisema ukicheka, kisha ukapanda juu kwangu ukalala kitandani mwangu mchana kutwa, uso umeuelekeza ukutani. Kwa hivyo barua hii isome mlango umefungwa. Nina jambo la kukuuliza, na jawabu lako ndilo litakaloamua mimi nizeekee wapi.

Kazi nimeiacha. Muhula uliopita walimu walinijia jikoni pale shuleni, wakasema maneno mazuri, wakanipa leso na sufuria. Sufuria, wifi. Miaka yote ile nakoroga uji wa watoto wa watu, na siku ya kuondoka napewa sufuria nikaendelee nyumbani. Nilijua ungelicheka. Nikarudi kwa miguu, sufuria kichwani, nikiyapanga njia nzima maneno ya kukusimulia. Nikafika kwenye mlango wako nikaliona kufuli. Ufunguo wake ninao mimi mwenyewe, kwenye kamba ya shingo, na bado kichwani mwangu nimebeba hadithi ya kukusimulia wewe.

Siku hizi nakumbuka sana nilivyoletwa nyumba hii. Mwali wa Kinango, sijui kushika ngazi zenu hizi za mawe zilizosimama kama ukuta. Mimi na marehemu ndugu yako tukapewa juu, wewe na mumeo mko tini, na kikapu kile cha kamba kikining'inia baina yetu, kutoka dirisha langu la nyuma hadi uani kwako. Siku ya pili ulinipandishia mbaazi kwenye sahani ya bati, ile ya maua mekundu. Ukaivuta kamba mara mbili, nami nikadhani paka amenasa. Nilipomaliza kula niliisugua ile sahani kwa majivu mpaka ikang'aa, nikaitia kikapuni, nikaishusha. Kwetu sahani zilikuwa chache. Ukipewa chakula, heshima ni kurudisha upesi ili mwenyewe naye apate cha kulia.

Nikasikia kikapu chatua uani. Kisha sauti ya mavyaa wangu, marehemu mama yako, ambaye hata alipokuwa akinong'ona alisikika msikitini: "Mwanakheri, mwambie mke wa nduguyo, katika nyumba hii sahani haitembei uchi."

Nilitamani ngazi zinimeze. Lakini wewe hukuniaibisha. Ulichukua chumvi kwa vidole viwili, ukaiweka katikati ya ile sahani, ukaipandisha tena. Ukaniita kwa chini, "Haya wifi, nimekuletea chumvi. Sasa nirudishie ulichokipika." Nikakushushia wali. Ukauonja, nawe hukuwa na haya, ukasema, "Wali huu umepikwa au umetishwa tu na moto?" Na nilipokuwa nikilia dirishani ukanipandishia nazi.

Tangu hapo sahani ile haikupumzika. Nduguyo alikuwa akisema, "Nyinyi wawili hamlishani, mwashindana." Kaimati zikishuka, achari inapanda. Muhogo ukipanda, samaki anashuka. Tuligombana mwezi mzima kwa sababu ya maji ya birika la uani, hatusemezani, hata salamu twatumia watoto, na sahani yapanda na kushuka kama kawaida. Uliniwekea pilipili nyingi kuliko desturi, nami nikakurudishia zaidi. Alipokufa nduguyo hukunipa maneno. Ulinitilia uji kwenye sahani hiyohiyo, uji katika sahani, ukavuta kamba mara mbili, nami nikanywa kwa sababu nilijua hutaondoka uani mpaka uione imerudi.

Nuru alipojifungua ulisema, "Nakwenda arobaini tu, nimkande mtoto wangu maji ya moto, nirudi." Asubuhi ile ya safari kamba ikavutika mara mbili. Nikapandisha visheti, bado vina joto. Nilikuwa bado nimo ndani natafuta cha kutia niirudishe sahani, niliposikia mlango mkubwa. Nikachungulia, tuktuk imekwisha pinda kona kuelekea Mwembe Tayari. Arobaini ile ikaisha, wifi. Watoto wameota meno, wametembea, sasa wanasema. Sahani yako bado iko kwangu, imening'inia kwenye msumari, na tangu siku hiyo kikapu hakijashuka.

Sikulaumu. Mtoto akilia mama haulizi njia. Chumba chako nakifungua kila Alhamisi, nafukiza udi kidogo, napangusa kitanda, nafunga.

Sasa jambo lenyewe. Twalib anataka nihamie Nairobi. Mwanangu huyo unamjua, ndiye uliyemtahirisha wewe kwa kumshika mkono maana mimi nilikimbia. Anasema, "Mama, kazi imekwisha, shangazi hayupo, wabakia kulinda mawe?" Wakati wa likizo ya mwisho wa mwaka nilikwenda kwake nikajaribu. Nyumba nzuri, wifi, maji hayakatiki, mke wake ananiheshimu mpaka naona tabu kuomba chumvi. Wako ghorofa ya nne lakini kuna lifti. Chumba wamenitengea, dirisha linatazama ukuta wa jirani, na adhana naisikia kwenye simu ya Twalib.

Siku moja nilipika mkate wa sinia. Nikakata nusu, nikampelekea msichana wa mlango wa pili, mtu wa bara, mpole, huamkia kila akiniona. Alifurahi sana. Kesho yake akabisha hodi na sahani. Ameiosha, ameipangusa, ameitia ndani ya mfuko safi. "Asante sana mama, ilikuwa tamu." Tupu.

Sikumchukia. Ningemchukiaje, na mimi niliisugua yako kwa majivu? Lakini nilisimama pale jikoni nikaishika ile sahani, na machozi yakanitoka mbele ya mke wa mwanangu. Twalib alipoambiwa alicheka: "Mama, hapa mtu akikurudishia sahani mshukuru Mungu, wengine huzifanya zao." Nikacheka naye. Nilichokiwaza usiku ule ni kwamba ningeweza kumtilia chumvi nikampelekea, kama ulivyonifanyia. Nikaona sina nguvu. Kumfundisha mtu sahani ni kazi ya miaka, na mwenye miaka hiyo alikuwa wewe.

Basi nikarudi, nikamwambia Twalib nimekataa, nyumba yangu hii, kaburi la baba yake hili, msikiti huu, nitakufa nikisikia adhana isiyo ya simu. Ni mtoto mwema, hagombani.

Kisha nikaanguka. Ilikuwa baada ya adhuhuri, nashuka kwenda kununua mkaa, mguu ukateleza kwenye ile ngazi iliyolika, ile uliyokuwa ukituambia kila siku tuiwekee saruji. Nikabiringika mpaka tini, nikaishia mlangoni kwako. Goti limegeuka, siwezi kusimama. Na wajua nilifanya nini? Nikabisha mlango wako. Kufuli nalitazama, liko juu ya kichwa changu, na ufunguo uko shingoni mwangu, nami nabisha hodi, wifi, hodi. Nilibisha mpaka Ami Faraji wa duka la ubani akasikia, akaja na mkewe, wakaninyanyua. Alisema, "Bi Mkubwa, mbona wabisha penye kufuli?"

Twalib alipanda basi siku ileile. Alifika amevaa nguo za kazini. Alikaa sakafuni karibu na kitanda changu, akalishika lile goti lililofungwa, akasema, "Mama, mimi sikuogopa ulipokataa. Najua wapenda hapa. Lakini hebu niambie, siku nyingine nitapigiwa simu na nani? Na ataniambia nini?" Mtoto wangu mwanamume analia, mimi niliyemzaa ndiye sababu. Nikamwambia sawa. Nikamwambia baada ya Idi alete lori.

Goti sasa lina nafuu, natembea na mkongojo. Lakini tangu niseme sawa sina raha. Nikiomba dua husema, Ya Rabbi, nionyeshe, na huwa sioni kitu ila ile sahani msumarini.

Ndipo nikawaza hivi, na usinicheke. Kama utarudi, mimi nitahamia tini kwako. Chumba cha nyuma chatosha kitanda changu. Sitapanda ngazi tena, na juu tuwaachie watoto wanapokuja likizo. Mmoja wetu akianguka mwingine yupo. Twalib nimemwambia. Akasema, "Kama shangazi yupo, mimi nalala usingizi. Nitajenga hata choo cha kukaa hapo tini. Lakini shangazi hatarudi, mama. Ana wajukuu." Hilo la mwisho ndilo linaloniuma, kwa sababu huenda ni kweli, na kama ni kweli sina haki ya kukutoa kwenye mikono ya wale watoto. Nimesikia wanavyokuita. Mtu hamtoi mwenzake kwenye sauti kama zile ili aje amsaidie kubeba uzee.

Kwa hivyo sikuombi urudi. Nakuomba ukweli. Kama umezoea kweli, kama unaamka alfajiri na moyo wako uko hapo ulipo, niambie, nami nitafunga milango yote miwili niende kwa mwanangu nikajifunze upya. Nitaweza, inshallah. Nilijifunza nyumba yenu nikiwa mwali, nitaijifunza ya mke wa Twalib nikiwa bibi. Lakini kama hiyo tumezoea ni ile ya eda, usinifiche, wifi. Tusije tukawa wewe huko walia na ukuta wa Nakuru, mimi Nairobi nalia na ukuta wa jirani, na nyumba yetu hapa ina vyumba vitupu vinavyotosha kulia pamoja na kucheka pia.

Najua kuandika hupendi, na kusema kwenye simu huwezi. Nimepata njia. Pamoja na barua hii nakuletea sahani yako kwa basi la Mwembe Tayari. Nimetia visheti, nimevipika mwenyewe, ukiona vimekuwa vigumu ujue ni safari. Kula wewe na pacha.

Kama warudi, sahani usiitume. Kaa nayo, uje nayo mkononi, nami nitakuwa nimekwisha shusha godoro tini. Kama hurudi, niletee kwa basi hilohilo kabla ya Idi. Sitauliza kwa nini. Sitakukasirikia, wala duniani wala mbele ya Mola. Nitaipakia kwenye lori la Twalib, iende nami Nairobi, nitafute pale msumari wa kuitundikia.

Lakini ikiwa ni sahani peke yake itakayorudi, wifi yangu, usiilete tupu. Sitaweza kuipokea pale kwenye mizigo ya basi, mbele ya watu, ikiwa tupu. Tia chochote. Tia hata chumvi, kwa vidole viwili, kama ile ya kwanza.

Wasalimie wote, wabusu pacha. Mimi niko hapahapa juu, kwa dirisha la nyuma.

Nijibu upesi.

Wifi yako wa juu,
Mama Twalib