Filamu ya Jaji Inangojwa Mlabani

Jumatatu, 1 Januari 1996
Mvua asubuhi, kisha jua kali. Padre amenipa magazeti ya Kiingereza aliyokwisha kuyasoma. Nimeyapitia ukurasa kwa ukurasa. Mwaka huu nazingoja filamu tatu: ya mpanda mlima kipofu, ya dada wawili na mgahawa wao, na — hii hasa — ya jaji anayevua joho katikati ya kesi na kuondoka mjini kwa miguu. Gazeti halisemi kwa nini. Nataka kujua kwa nini!

Na sitaki kuambiwa na Viktor. Yeye ndiye hutafsiri katika banda la video la Balbina, kipaza sauti mkononi, kando ya televisheni. Kiingereza chake ni cha kuokoteza. Juzi mawakili wawili walibishana juu ya wosia; yeye akasema wanagombea mahari. Watu walicheka hadi benchi likavunjika. Mimi sikucheka. Wengi wao niliwafundisha Kiingereza mwenyewe. Wanastahili kusikia kilichosemwa.

Jumapili, 4 Februari
Baada ya misa nimekwenda kwa Balbina. Shikamoo Mwalimu, kiti, maji ya kunywa. Nikamweleza bila kuzunguka: filamu mpya za mwaka huu nizitafsiri mimi. Alinitazama kana kwamba nimeomba kuendesha trekta. Nijaribu Jumamosi, akasema.

Jumamosi, 10 Februari
Nimeshindwa. Nilikuwa sahihi, nilikuwa fasaha — na nilichelewa. Evodius, muuza samaki, alipaza sauti: "Mwalimu, huyo ameshakufa, wewe bado unamwamkia!" Kisha benchi zima la nyuma: "Viktor! Viktor!"

Balbina amenipa nafasi moja tu: filamu ya jaji, Jumatatu ya Pasaka. Watu wakikaa hadi mwisho, filamu zote mpya za mwaka ni zangu. Wakitoka, nitarudi kwenye benchi na kumsikiliza Viktor.

Hawatatoka.

Jumatano, 21 Februari
Majivu. Banda limefungwa hadi Pasaka, kama kila Kwaresima. Vema, nimepata muda. Redio inasoma habari kwa Kiingereza, nami natafsiri papo hapo jikoni. Mdogo wangu Edna anapepeta mchele na kunisahihisha: "Dada, punguza vyeo. Waziri ni waziri tu, watu wameshaelewa." Amesema kweli. Maana kwanza, mapambo baadaye. Lakini sitaongeza neno lisilosemwa. Hata moja!

Jumanne, 19 Machi
Nimekutana na Viktor sokoni. Shikamoo yake ina meno. Amesikia kwamba nautafsiria mchele. Kisha, bila mzaha: watu hawaji bandani kusikia kilichosemwa, wanakuja kuona mwenzao amekionaje. Nikamjibu kwamba mimi naja kusikia. Nimelifikiria jibu langu njia nzima. Bado ni sahihi.

Fridolin, anayemnunulia Balbina kanda, ametuma habari kutoka Dar es Salaam: filamu ya jaji imepatikana! Ataileta mwenyewe kwa treni, Jumamosi Kuu.

Jumatatu, 8 Aprili
Naandika nyuma ya pazia la banda, daftari pajani. Nje pamejaa, akina mama wa Lipangalala wamekuja na vigoda vyao. Fridolin ameshuka leo alasiri, si juzi — maji yalifunika reli — hivyo sikupata kuitazama filamu mapema. Ni ndefu, ya kanda mbili. Balbina amefungua mfuko. Kanda zote mbili ni sehemu ya pili! Fridolin anawaapia watakatifu wote.

Tumegeuzia televisheni ukutani, sauti chini, tukazijaribu. Kweli. Jaji yuko nyikani tayari, ndevu hadi kifuani, anakililia kiatu cha mtoto.

Evodius huko mbele: "Mwalimu, Yesu ameshafufuka, jaji bado tu?"

Balbina ameuliza kama awarudishe watu makwao. Hapana.

Viktor ameingia huku nyuma. Nilitarajia kicheko. Hakucheka. Mwanzo autunge yeye, akasema, kwa maneno machache. Picha zikianza, aniachie. Nikamwambia sitamdanganya mtu: lazima tuwaeleze kwamba mwanzo haupo, na kwamba huu ni wa kwetu.

"Waeleze, Mwalimu. Hawataondoka."

"Na kiatu ni cha nani?"

"Cha mwanawe. Alikufa."

Hapana. Nimekitazama vizuri: soli ni safi, hakijakanyaga ardhi. Huyo mtoto hakukivaa kamwe. Nimemwambia Viktor mwanzo wowote atakaoutunga lazima ukieleze kiatu hicho.

"Basi alikinunua, akachelewa kukipeleka."

"Akachelewa kwa nini?"

"Kesi, Mwalimu. Kesi haikuisha."

Joho! Ndiyo maana akalivua!

Balbina anavuta pazia. Makofi, miluzi, vigoda vinaburutwa. Viktor amenyoosha kipaza sauti, na amekielekeza kwangu. Nimemwambia angoje. Hatuwezi kutoka kabla ya kuafikiana: mtoto alikuwa akimngoja wapi, na ile kesi ilikuwa ya nani.