Kapteni Anarudi Sura ya Kumi na Mbili

Jumatano, 5 Machi

Sura ya kumi na moja imekwisha. Kurasa tisa. Nimeiandika ofisini saa ya chakula, wakili ninayemfanyia kazi akiwa mahakamani, mlango nimeufunga kwa ndani. Kapteni Yoshua ameangusha maadui saba na amesali mara mbili. Mhariri wa Nairobi ndivyo anavyotaka: vita kila baada ya sura tatu, aya ya Biblia kila sura, na busu lisionekane kabla ya madhabahu. Nimemwambia sawa. Hiki ni kitabu changu cha kwanza. Nina miaka arobaini na mbili, sina mume, sina mtoto. Akisema Kapteni aruke kichurachura, nitamrusha.

Sajini mmoja mstaafu wa Nyakoe, ninayemwonyesha mambo ya jeshi, amesoma sura ya tisa akacheka mpaka akakohoa. Anasema hakuna mwanajeshi anayehubiri huku anafyatua risasi, na kwamba bunduki niliyompa Kapteni hubebwa na watu wawili. Nimeudhika. Bunduki nimeibadilisha. Mahubiri nimeyaacha.

Jumapili, 9 Machi

Nimeshinda nyumbani Nyaramba. Mama amezeeka tangu Krismasi. Anatembea ameshika ukuta.

Kaka yangu Ombati, mwanajeshi, ni mwaka wa tatu sasa tangu apotee. Gari lao lililipuliwa ng'ambo ya mpaka. Wenzake watatu walirudishwa kwenye majeneza yenye bendera. Yeye hakurudi hata kiatu. Barua ilisema hajulikani aliko. Baba mdogo Makori na wazee wameamua kwamba baada ya Pasaka watazika mgomba badala yake, kama inavyofanywa kwetu maiti ikikosekana. Mama amekubali, kwa shingo upande. Kerubo, mke wa Ombati, ndiye anayesubiri zaidi. Amepata kazi ya kufundisha chekechea Nakuru na anatakiwa huko Mei, yeye na binti yake. Lakini mke ambaye mumewe hajazikwa haondoki bomani. Baba mdogo hataki hata kulijadili.

Baada ya chakula nilikaa na Kerubo nyuma ya jikoni. Nikamwambia nataka kumwombea, anisikilizishe zile sauti ambazo Ombati alikuwa akimtumia kwa simu kutoka kambini. Akanisikilizisha zote. Alilia, akacheka, akalia. Simu yangu ilikuwa mfukoni, inarekodi.

Naandika hapa nisijidanganye. Sikumwombea.

Alhamisi, 13 Machi

Sura ya kumi na mbili. Imemiminika yenyewe. Miezi yote hii Kapteni alikuwa akiongea na mchumba wake kama tangazo la redio. Sasa anaongea kama mtu. Ni sauti ya Ombati, na yale masihara yake. "Weka sufuria kubwa, nakuja na njaa ya miezi sita." Nimeliweka hilo neno kwa neno.

Katika sura hii watu wamekwisha kumlilia Kapteni. Siku ya Jumamosi, saa ya kupima majani chai, anatokea kwenye kituo cha kuuzia, amekonda, ana shati moja tu. Mchumba anaangusha gunia. Nimelia mwenyewe. Ni nzuri. Najua kitu kizuri nikikiona.

Jumamosi, 15 Machi

Nilimsomea Mama. Hajui kusoma, na Kiswahili chake ni cha sokoni, kwa hiyo nilikuwa nikimgeuzia kwa Ekegusii, lugha yetu, mstari kwa mstari. Alikuwa anachambua maharage. Nilipofika pale kituoni aliacha kuchambua.

Akauliza kama huyo ni Ombati, na kama hayo nimeonyeshwa na Mungu. Kanisani kwetu neno hilo si la mchezo. Mtu akionyeshwa jambo, linaandikwa na kungojewa. Ningesema hapana, Mama, ni hadithi, natunga. Ni maneno matano. Lakini alikuwa ananitazama jinsi ambavyo hajawahi kunitazama tangu nizaliwe. Ombati ndiye aliyekuwa akitazamwa hivyo.

Nikasema ndiyo.

Jumatano, 19 Machi

Baba mdogo amenipigia simu ofisini. Ameudhika. Mama amekataa mgomba. Amewaambia wazee mwanawe yuko hai, binti yake ameonyeshwa, na mtu asiguse shamba la ndizi. Na Kerubo haendi Nakuru, kwa sababu mume hawezi kurudi akute jiko limepoa. Baba mdogo akaniuliza kama ni kweli nimeonyeshwa. Nikasema mambo ya Mungu ni mazito, tusubiri. Akasema, haya mwalimu wa Mungu, tusubiri.

Nilipaswa kuogopa. Nilifurahi. Sitaki Kerubo aende. Bado sura nane, na sijamaliza kumtumia.

Jumamosi, 22 Machi

Mama ameshinda kituo cha majani chai tangu saa nne. Amekaa juu ya magunia matupu, mapajani ana shati jeupe la Ombati, limepigwa pasi. Karani wa mizani alimletea chai, akampisha kivulini. Wachumaji walikuwa wanampita wakiinamisha vichwa. Alirudi saa kumi na mbili. Alisema labda ni Jumamosi ijayo, kwa kuwa mimi sikusema ni Jumamosi ipi.

Haya nimeyapata kwa Kerubo, kwa simu. Alinisimulia kwa sauti ya chini, kisha akaniuliza, dada, uliona nini hasa? Nikamwambia nitamweleza tukionana. Nikakata, nikaandika habari za lile shati kwenye daftari la kitabu. Ni mfano mzuri mno kuachwa.

Jumamosi, 29 Machi

Mama amekwenda tena kituoni. Kulinyesha. Karani alimfunika kwa turubai.

Jumapili, 30 Machi

Mama mchungaji aliniomba niwasomee akina mama baada ya ibada. Kama arobaini hivi. Nilisoma ya kumi na mbili. Sijawahi kusikilizwa vile. Nilipofika kwenye sufuria kubwa na njaa ya miezi sita walicheka, mmoja akampiga mwenzake begani. Mama alikuwa mbele, anatikisa kichwa kwa furaha.

Kerubo alikuwa amekaa karibu na mlango. Hakucheka. Alisimama, akamshika mtoto mkono, akatoka. Nikaendelea kusoma. Nilikuwa nimebakiza ukurasa mmoja, na walitaka kujua kama wataoana.

Jumatatu, 31 Machi

Kerubo amekuja ofisini. Ametoka Nyaramba asubuhi, bila kupiga simu. Wakili alikuwepo, ikabidi tukasimame kwenye ngazi, karibu na duka la vitambaa. Hakupandisha sauti. Bora angepandisha.

"Hiyo ya sufuria aliniambia mimi," alisema. "Sikuwahi ambia mtu. Hata dadangu. Nilikuskizisha wewe juu ulisema unaenda kuomba."

Nikamwambia kitabu kitawagusa wengi, kwamba huenda Mungu amelitumia pendo lao. Niliongea kama mahubiri ya Kapteni.

"Wachana na Mungu. Nakuuliza kitu moja. Uliona Ombati ama hukuona?"

Nikasema sikuona.

Alikaa kwenye ngazi. Watu walikuwa wanapita, tukawapisha. Kisha akasema sina haja ya kumwomba msamaha yeye, niende nimwambie Mama ukweli, na niende kabla ya Jumamosi. Mei yake haingoji. Akaniambia pia kwamba Mama amemnunulia Ombati soksi. Hakuniita dada wala Moraa. Aliondoka bila kuniaga, na kwetu hata mwizi huagwa.

Namchukia. Naandika ilivyo: namchukia kwa sababu ana haki.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimejaribu kupanga maneno. Mama, nilikudanganya. Mama, ilikuwa hadithi tu. Kila nikifika hapo naliona lile jicho lake la siku ya maharage likiniacha. Nitarudi kuwa nani? Moraa wa ofisini, tasa, anayeleta sukari Jumapili.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu nimeirefusha. Leo saa ya chakula nimeandika sura nyingine. Kapteni anakufa. Nitamwambia Mama nimeonyeshwa tena.

Kurasa nne. Nimeiandika vizuri. Hilo ndilo linanitisha.

Jumamosi, 5 Aprili

Nilifika Nyaramba saa tatu nimwahi kabla hajatoka kwenda kituoni. Alikuwa amekwisha kuvaa kitambaa cha kichwa. Kerubo alikuwa mlangoni mwa jikoni. Alinitazama kwa matumaini, mjinga yule, akidhani nimekuja kukiri.

Nikamwambia Mama nimeonyeshwa mengine, akae. Nikasoma. Jangwa, jua, gari linawaka, Kapteni anatambaa mpaka kwenye kichaka. Nilikuwa nageuza kwa Ekegusii polepole. Mama hakulia. Aliuliza maswali, kama mtu anayeagiza vitu dukani.

"Alikuwa na kiu?"

Nikasema alikuwa na maji.

"Alikuwa peke yake?"

Nikasema Mungu alikuwa naye.

"Sijakuuliza Mungu. Nimekuuliza mtu."

Karatasini hapakuwa na mtu. Nikamtunga pale pale: kijana wa Taita, mwenzake, alimshika kichwa, akamfumba macho. Mama akauliza jina la kijana. Nikampa jina. Akauliza kama ana mama. Nikasema anaye. Akasema basi siku moja atataka kumshukuru mama huyo.

 Kisha akalikunja shati, akamwita mtoto wa Kerubo, akamtuma kwa Baba mdogo amwambie waukate mgomba.

Nilipotoka Kerubo alinifuata mpaka langoni.

"Nilikuambia useme ukweli tu," alisema. "Hiyo imekushinda. Ukaona ni afadhali umuue."

Jumapili, 6 Aprili

Kanisani walinipisha kiti cha mbele. Mama mchungaji ameniomba nimwombee mgonjwa. Nikamwombea.

Alhamisi, 24 Aprili

Tumemzika.

Baba mdogo na vijana waliukata mgomba asubuhi, wakauleta mabegani. Mama aliutazama akasema ni mfupi, Ombati alikuwa mrefu kuliko huo. Wakarudi shambani, wakakata mwingine. Wakauvika suruali ya harusi na lile shati jeupe. Utomvu ukapenya, ukaacha doa kahawia kifuani ambalo halitoki kwa sabuni yoyote. Mama akawagombeza kwamba wangeuacha ukauke kwanza. Wakamwomba radhi, wanaume wazima. Tukauweka kwenye jeneza, upande wa kulia wa nyumba yake, mchungaji akasoma. Jeneza lilikuwa zito. Sikutegemea litakuwa zito.

Nilipoitwa niseme neno kama dada wa marehemu, nilisimulia habari za jangwa na kijana wa Taita. Watu walilia sana. Baba mdogo alilia. Kerubo alitupa udongo wake akarudi nyuma. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa akimzika Ombati. Sisi wengine tulikuwa tunamzika Kapteni.

Soksi zilikuwa zimesahaulika kwenye kiti. Mama alizichukua, akamvisha mjukuu, zikamfika magotini.

Jumanne, 29 Aprili

Kerubo ameondoka. Mama alimpa kuku wawili na gunia la mahindi, akambariki vizuri. Mimi sikuarifiwa. Nimejua kwa Baba mdogo. Kerubo hapokei simu zangu tena.

Jumatano, 30 Aprili

Mama alipiga simu kuuliza kama nimepata anwani ya mama yake yule kijana. Anataka kumtumia majani ya chai. Nikasema bado natafuta.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua tangu asubuhi. Wakili yuko Nyamira kwa kesi ya shamba, ofisi ni kimya. Nimechemsha chai, nimekula andazi moja.

Mhariri wa Nairobi ameandika. Ameisoma kazi yote niliyomtumia baada ya mazishi, zile kurasa nne za jangwani zikiwa ndizo mwisho wake. Anasema lugha imekomaa, Kapteni amekuwa mtu wa nyama na damu, wanawake watampenda. Tatizo ni moja. Wasomaji wetu hawanunui shujaa aliyekufa jangwani. Wanataka arudi, aoe, amtukuze Mungu. Anaomba nifute kurasa zile nne, nimalizie na harusi. Akijibiwa wiki hii kitabu kitatoka kabla ya Krismasi.

Niliisoma barua mara tatu. Nilifikiri habari za Mama, kwamba kitabu kikitoka mtu atamsomea, pengine mama mchungaji, na atasikia kwamba amerudi. Nilifikiri hivyo kwa dakika kama tano. Kisha nikafunga mlango kwa ndani.

Kurasa nne nimezifuta. Harusi nimeianza saa sita na kitu, na imekuwa ikija vizuri. Simu ya Mama imelia mara mbili. Sijapokea. Kapteni alikuwa amefika langoni, na mchumba alikuwa bado hajamwona. Nikaandika mpaka saa nane, nikaosha kikombe.