Breki za Lori Yako, Bethwel

Kaptembwo, Nakuru

Kwa ndugu yangu mpendwa Bethwel,

Nakusalimia kwa jina la Bwana. Hujambo wewe? Mama Chepkirui hajambo, na kile kifua chake kimepoa? Chepkirui mwenyewe anaendeleaje na masomo? Msalimie Kibii, mwambie shangazi yake hajasahau zile ndizi. Hata mama yetu pale alipolala, msalimie ukipita kwenda kwa kahawa. Sisi huku tuko, Mungu anatushika. Mvua ilinyesha mpaka maji yakaingia kwa nyumba, lakini tumekauka. Vumilia mwandiko wangu, unajua nilitolewa shule darasa la nne ili nikubebe mgongoni.

Ningekupigia simu, lakini hushiki. Na ukishika nitalia, halafu utasema wanawake ni machozi tu.

Ndugu yangu, ni habari ya mwanangu Kipkorir. Tangu ile ajali ya mteremko wa Subukia, huyu kijana hajaona mshahara wa kuitwa mshahara. Kila mwisho wa mwezi unamkata pesa za kutengeneza lori, tena unamkata za chakula cha ng'ombe kilichomwagika, hata yale magunia watu walibeba yeye akiwa bado amebanwa na usukani. Kinachobaki ni cha unga. Bibi yake, Fancy, amerudi kwao na mtoto. Anasema yeye hakuolewa na deni.

Kijana alinieleza vile ilikuwa. Breki zilikataa, na mbele kulikuwa na akina mama wametoka kupeleka maziwa, akaona heri agonge ukingo. Nilidhani utamshukuru. Wewe ukamwambia mbele ya madereva wengine kwamba mama yake alimwombea kazi ya lori, hakumwombea lori ya kuchezea. Wakacheka. Alifika hapa akalala na viatu.

Jirani yangu Akoth akasema twende kwa afisa wa leba, yule wa mambo ya wafanyakazi. Kipkorir alikataa kabisa. Alisema mtu hashtaki mjomba wake, mjomba akinung'unika ng'ombe wa mpwa hukauka na watoto hawakui, na ni wewe ulimbariki kwa kumpaka siagi kichwani akitoka jandoni. Hapo ndipo nikaelewa, Bethwel. Unamkata kwa sababu unajua hatafungua mdomo. Dereva wa mtu mwingine ungemwogopa kidogo.

Sasa kuna jambo lingine, na ukae chini kwanza. Unakumbuka kabla ya ajali nilikuja nikakuuliza juu ya breki, kwa sababu kijana alikuwa analalamika? Uliniambia zimetengenezwa. Ukaapa kwa mama. Juzi fundi wako Nicodemus alipita sokoni Rhonda kwa meza yangu ya mboga kununua sukuma, nami nikamrukia, nikamwambia kazi yake mbovu ilikaribia kuniulia mtoto. Akashangaa. Akasema, Mama Kipkorir, hiyo lori mimi sijaigusa, nilimwambia mzee breki zimeisha akanijibu kwanza tumalize kubeba mahindi.

Niliketi chini, nikakalia sukuma zangu mwenyewe.

Laana ya mjomba humpata mpwa. Dada mkubwa haimpati. Kwa hivyo nimekwenda mimi, na Nicodemus akanisindikiza akasema yale anayojua. Afisa alitueleza kwamba tajiri anaweza kumkata dereva aliyeharibu kwa makusudi, lakini hiyo si makusudi, tena breki zilikuwa mbovu na tajiri ameambiwa. Atawaita nyote wawili, wewe na kijana, Ijumaa. Kipkorir bado hajui. Nimekuambia wewe kwanza kwa sababu ulikuwa mtoto wangu kabla yeye hajazaliwa, na sitaki uitwe kama mwizi.

Ukikubali makosa na umrudishie haki yake, nitamwambia afisa tumeyamaliza nyumbani, kwa maana sitaki kukuona ukiaibika mbele ya watu. Ukikataa, Ijumaa nitakaa upande wa kijana, na utanitazama usoni ukiapa tena kwa mama yetu.

Mpe Mama Chepkirui pole ya kifua, mwambie achemshe tangawizi. Hata sasa nakuombea.

Ni mimi dada yako,
Cheptanui

Chesang ndiye analeta hii barua, na nimemwambia asitoke kwako bila jibu. Mpe chai, lakini usimcheleweshe. Niandikie leo.