Nathaniel Anakuja Kukusalimia

Igoma, 12 Juni 1996

Kaka Venant, shikamoo. Sisi wazima, mahindi tumeshavuna.

Shemeji yako Nathaniel amenogewa na video ya wapiga upanga, ile iliyotokana na kitabu alichosoma shuleni. "Kitabuni hakuna kung fu," anasema, lakini kila jioni anaupiga mgomba mateke. Kwenye video hiyo mtu akidharauliwa hangoji kuombwa radhi, anamfuata mwenzake hadi kwake.

Tangu ulipomcheka kwenye matanga ya mama, alikuwa hajakutaja. Jana akasema kwa upole, "Jumamosi navuka kwenda Busisi, nimsalimie kaka yako."

Nakuomba siku hiyo usiwepo nyumbani. Panga letu la shamba nimelikuta limenolewa pande zote mbili.

Mdogo wako,
Sabina